Altitidi ya transisyo: juu ya nini kila inchi na namba yake?

kijana_wa_Luano:
Jambo ba yaya. Niko najifunza kazi ya kontroleri hapa Lubumbashi na kuko kitu kinanisumbua. Marekani wote wanageuza altimeta (chombo kinachoonyesha urefu wa ndege) kutoka presha ya pale mpaka presha moja ya wote kwa futi 18,000, njo altitidi ya transisyo yao, lakini Ulaya ukivuka mpaka tu namba inabadilika, pengine 3,000, pengine 6,000. Si anga ni moja? Juu ya nini basiweke namba moja, na sisi na majirani wa Zambia na Angola tuifuate? Benye kujua munisaidie.

fundi_altimeta:
Mdogo wangu, altimeta haipimi urefu, inapima presha ya hewa kisha inakugeuzia futi. Chini unaipa QNH (presha ya pale ulipo, ikihesabiwa kwenye usawa wa bahari), njo inakuepusha na mlima, juu kila mtu anaweka 1013 hPa (hPa ni kipimo cha presha), hata kama si presha ya kweli, sababu wote wakikosea sawasawa hawagongani. hPa moja ni kama futi 28. Hapa QNH ikiwa 1023, ndege ya FL90 (nivo ya futi 9,000 kwa 1013) iko karibu futi 9,280. Lakini Ulaya dhoruba inaweza kushusha presha mpaka 980, hapo FL90 ile ile iko karibu 8,080, na mwenzake wa 8,000 kwa QNH yuko pale pale chini yake! Ndiyo maana altitidi ya transisyo haibadiliki kwenye karata, lakini nivo ya transisyo, ile FL ya chini kabisa inayoruhusiwa juu yake, kontroleri anaipandisha.

mama_mnara:
Na namba ikiwa chini sana, kugeuza kunamkuta piloti akiwa na mambo mengi, magurudumu, flapu, redio inaita. Kwenye simuleta nilimpandisha mwanafunzi FL100, QNH 1024, akasahau kugeuza. Akaniambia kwa sauti tulivu amefika FL100, na skrini yangu, inayosoma kwa 1013, inaonyesha 097, ni kusema FL97. Futi 300 zimepotea na hana habari.

Mimi nataka 18,000 inchi nzima. OACI (shirika la dunia la usafiri wa anga) inasema kwa kawaida isipungue futi 3,000 juu ya uwanja, na uwanja wetu wa Luano peke yake uko karibu futi 4,300 juu ya bahari, kwa hiyo namba ndogo za Ulaya huku hazifai hata kidogo. Na kuna milima: Karisimbi ni mita 4,507, Margherita kule Ruwenzori 5,109, karibu futi 16,800. Kwa 18,000 unaipita yote ukiwa bado na QNH.

fundi_altimeta:
Mama, kwa milima nakubali kabisa. Lakini QNH ya nani? Marekani sheria inataka ya kituo kilicho ndani ya maili 100 za baharini kwenye njia yako, na wana vituo vingi. Sisi kutoka hapa mpaka Kamina ni zaidi ya hapo, ndege ya futi 15,000 katikati itaseti nini? Kwanza vituo vya hali ya hewa, kisha namba, na majirani wakubali siku moja pamoja nasi.

kijana_wa_Luano:
Aksanti sana ba yaya. Kesho nachukua karata, nachora duara za maili 100 kwa kila kituo chenye kutoa QNH, nione pahali gani panabaki peupe.