Tupeane uzoefu: Uliambiwa "pampu ya mafuta imekufa". Mwisho ikawa nini?

Dada wa Sakina (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Vitz yangu inazima ikishapata moto. Nikitoka Moshi inakimbia vizuri, Bomang'ombe inapita, KIA inapita, ila nikianza kupandisha kuja Usa River inakosa nguvu, inashtukashtuka, kisha kimya. Nikikaa pembeni kidogo inawaka kama haijawahi kuumwa. Fundi wa kwanza hata boneti hajafungua, kasema pampu imekufa, nilete hela. Wa pili kasema plagi. Mliopitia hili semeni: ilianzaje, mlipima nini, na mwisho ilikuwa nini? Ramli nimeshapigiwa za kutosha.

Chalii wa Kijenge
Usinunue kitu bado. Ikizima, hapo hapo fungua kifuniko cha tenki. Kikivuta hewa ndani kwa nguvu na gari likawaka, umepona. Langu lilikuwa hivyo, tenki halipumui. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, pampu inavuta mpaka inashindwa. Valvu ya kifuniko ilikuwa imeganda kwa vumbi. Nilibadili kifuniko tu.

Boda Ngaramtoni
Hata pikipiki, mkuu. Yangu haina pampu, mafuta yanashuka yenyewe, lakini katundu ka kifuniko kakiziba inazima vilevile. Abiria anajua umeishiwa mafuta.

Mama Pasua, Moshi
Yetu ilikuwa pampu kweli. IST, asubuhi haiwaki, stata inazunguka vizuri tu. Shemeji akaingia chini akawa anagonga tenki kwa kisigino cha mkono huku mimi napiga stata, ikawaka. Akasema kaboni za mota zimeisha, ukiigonga zinashika kidogo, kwa hiyo tusizime mpaka gereji. Tulifika Majengo, tukazima, haikuwaka tena. Baba watoto naye taa ya akiba ikiwaka ndiyo kwanza anaona safari imeanza.

Fundi Unga Ltd
Hiyo taa ya akiba mama isemee sana. Pampu ya ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyo hiyo inayoisukuma. Ukizoea kutembelea mafuta ya chini, inapata moto na kuvuta uchafu wa chini ya tenki.

Dada wa Sakina, gari likizima usisubiri lipoe, maana likipoa ushahidi umeondoka. Anza na kifuniko kama alivyosema chalii, ila kikifoka hewa nje kidogo wakati wa jua ni mvuke tu, usihangaike nao. Kinachotafutwa ni kuvuta ndani. Halafu angalia cheche kwenye plagi. Kama hakuna, achana kwanza na tenki. Sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, ikipata moto inaweza kukata cheche na pampu kwa pamoja, kwa sababu kompyuta haioni injini ikizunguka. Hapo watu wengi wamenunua pampu bure.

Cheche ikiwepo, nyanyua kiti cha nyuma, kwenye Vitz pampu iko chini yake. Weka multimita (kipima umeme) kwenye soketi ya pampu mwenzako akipiga stata, na upime betri wakati huo huo. Namba zikikaribiana, waya ni mzima. Pampu ikipata pungufu sana kuliko betri, umeme unapotelea njiani: rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye pampu), soketi, au waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi.

Kuna wanaosema uwashe swichi usikilize mlio wa nyuma, na ukikosa mlio pampu imekufa. Toyota nyingi za zamani pampu haizunguki mpaka upige stata, kwa hiyo ukimya huo hausemi kitu. Na mlio nao hausemi presha ipo. Presha inapimwa kwa geji. Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye baadhi ya Vitz, inataka presha ya PSI 44 hadi 50, na haina mdomo wa kupimia, fundi aunge kiungo cha T kwenye mpira wa mafuta. Asiye na geji anakubahatishia.

Dereva wa porini
Sisi wa dizeli tuna yetu. Land Cruiser ya wageni ilikuwa inachelewa kuwaka asubuhi, pale Makuyuni ikanizimia kabisa. Nikapiga pampu ya mkono ya kuvutia mafuta, laini kabisa, nikapiga mpaka ikawa ngumu, ikawaka. Mjini nikaambiwa pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, ishushwe ikafanyiwe marekebisho, bei ya kuuza ng'ombe. Mzee mmoja wa gereji akakataa. Akaunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwenye laini, tukaona mapovu yanapita. Mpira wa kutoka tenki la akiba ulikuwa umepasuka. Hauvujishi hata tone, kwa sababu pale mafuta yanavutwa, kwa hiyo unaingiza hewa.

Mkulima wa Himo
Mimi nilijaza sheli moja wakati wa masika, sikufika mbali gari likaanza kumisi. Tulitoa mafuta kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, tukayaacha yatulie. Maji yakakaa chini, petroli juu. Pampu nzima, filta nzima. Tunza risiti jamani, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanapokea malalamiko ya mafuta mabovu, lakini bila risiti utaongea nini?

Dada wa Sakina
Nimerudi. Leo limezima Kikatiti. Kifuniko hakikuvuta, cheche ipo. Kaka yangu kapima tukipiga stata: betri volti 10, soketi ya pampu 7. Tumefungua boksi la fyuzi, mguu mmoja wa rilei una weusi na soketi yake imelainika. Nabadili rilei kesho nimalize?

Fundi Unga Ltd
Badili rilei pamoja na soketi yake, ukiweka rilei mpya kwenye soketi iliyoungua itaungua nayo. Ila kabla hujafunga, pima ampea za pampu. Nyingi za gari dogo huvuta kati ya 3 na 7. Ikizidi hapo, basi yenyewe ndiyo inayochoma soketi, na fundi wako wa kwanza alipatia kwa bahati. Mwambie pia afungue filta, ikiziba inailemea pampu.