Naomba ushauri: geko wetu mpya hajala chochote kwa siku sita

MamaWawili, Leicester

Ndugu wanajamvi, salaam. Baada ya binti yangu wa miaka 10 kuniomba kwa muda mrefu mnyama wa kufuga, Jumamosi iliyopita tulimchukua geko chui, aina ya mjusi, mwenye umri wa miezi 8. Tumemweka katika tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, tukatandika mchanga, tukaweka mkeka wa joto chini ya upande mmoja, pango moja na bakuli la maji. Tangu afike hajagusa chakula. Kila jioni namwekea nyenje 10, na asubuhi nawakuta wote wakiwa hai. Binti yangu humtoa mara mbili kwa siku ili amzoee, lakini mjusi huupunga mkia polepole kisha hukimbilia pangoni. Kipimajoto tulichobandika kwenye kioo kinaonyesha nyuzi 27. Naogopa kwamba atakufa, na sijui nitamweleza nini mtoto. Je, nimlazimishe kula?

Mwana wa Pangani

Dada, pole kwa wasiwasi, lakini tafadhali usimlazimishe. Mkia unaopungwa polepole ni namna yake ya kusema kwamba anajihisi hatarini, kwa hiyo mwombeni mtoto asimshike hata kidogo kwa wiki mbili, na ikiwezekana mfunike pande tatu za tangi kwa karatasi ili asione watu wakipita. Nyenje nao waondoe kila usiku kabla ya kulala, kwa sababu nyenje wenye njaa humng'ata mjusi aliyelala, na geko aliyekwisha kung'atwa huanza kukiogopa chakula chenyewe.

Jambo linalonitia shaka zaidi ni joto. Geko hana joto lake mwenyewe la kumwezesha kusaga chakula. Hulipata kwa kulaza tumbo mahali penye moto, na akilikosa hamu ya kula humtoka. Sakafu ya pango la upande wa joto inapaswa kuwa na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 26. Kipimajoto cha kubandika hupima kioo na hewa ya pale kilipo, si pale anapolala. Tafuta chenye waya na kichwa cha kupimia, ukilaze sakafuni, kisha utuambie kinasoma ngapi. Je, mkeka wako una themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto lisizidi?

MamaWawili, Leicester

Ahsante sana, kaka. Themostati sikuambiwa kwamba inahitajika. Nimepima leo: juu ya mchanga ni nyuzi 27, lakini nilipokisukuma kichwa cha kipimajoto hadi chini kabisa kwenye kioo, kikasoma 41. Nimeshtuka mno.

Mwana wa Pangani

Basi tatizo tumelipata. Mchanga unazuia joto lisipande, na siku atakapochimba ataunguza tumbo. Uondoe wote leo, utandike karatasi za jikoni, uuzime mkeka mpaka upate themostati. Kisha ongeza mapango mawili: moja upande wa baridi, na jingine katikati lenye karatasi yenye unyevu ndani, ambalo litamsaidia kujivua ngozi.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Naunga mkono yaliyosemwa, nami naongeza mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime mara moja kwa wiki na uandike, maana macho ya mwenye wasiwasi hayapimi vizuri. Geko huhifadhi mafuta mkiani, na mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki mbili bila kula asidhurike. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mkia ukikonda, au akiharisha, mpeleke kwa daktari anayetibu wanyama watambaao pamoja na kinyesi kipya, ili achunguzwe vimelea, hasa kriptosporidiamu. Mtoto naye anawe mikono kwa sabuni kila anapogusa tangi, kwa kuwa mijusi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima.

Nyota ya Jaha

Kwani wadudu wa bustanini hawafai? Mjusi kafiri wa nyumbani kwetu Tanga hula chochote kinachoruka karibu na taa.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Ni hatari. Mdudu wa bustanini huenda amepuliziwa dawa, na baadhi ya vimulimuli wana sumu inayoweza kumuua mjusi. Anunue nyenje wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya geko, awalishe karoti na mboga za majani kwa siku nzima, kisha awapake unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Ajaribu pia funza wa unga katika kisahani kifupi, kwa sababu wanavyojinyonganyonga humvutia.

MamaWawili, Leicester

Narudi na habari, ndugu zangu. Themostati ilifika Jumanne, na sakafu ya pango sasa ina nyuzi 32. Uzito wake ulikuwa gramu 38, wiki hii ni 37. Jana, siku ya 13, saa nne usiku, tulizima taa na kukaa mlangoni bila kusema neno. Alitoka, akamkazia macho funza mmoja kisahanini, na ncha ya mkia ikaanza kutikisika upesi upesi, si kama alivyoupunga siku za kwanza. Amekula watatu. Binti yangu ameniomba daftari ili aandike uzito wake kila Jumamosi.