Mrejesho: ile kubadili ndege ndani ya saa 1 na dakika 10

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama saa 1 na dakika 10 zinatosha kuunganisha ndege, tiketi ikiwa moja kwa ndege zote mbili. Nimewahi, ila kwa mbinde. Ndege ya kwanza ilichelewa dakika 25, na kumbe geti linafungwa kabla ya muda wa kuruka, dakika 15 au 20 hivi, kwa hiyo hesabu zangu zote zikawa uongo mtupu. Kilichoniokoa ni siti ya mbele mliyonishauri, nikatoka kati ya wa kwanza, na bodingi pasi (kile kikaratasi cha kupandia) ya ndege ya pili nilishapewa tangu mwanzo so sikupanga foleni ya transiti, ile ya wanaobadili ndege, ila ukaguzi ulikuwepo tena na chupa ya maji niliyoisahau kwenye begi ikanila muda (ujinga wangu huo). Nikatimua mbio, nafika wanaita majina ya mwisho.

Sasa begi kubwa, lenyewe halikuwahi! Nikaripoti kaunta ya mizigo kabla sijatoka eapoti, nikaonyesha kile kistika cha begi, wakanipa namba ya kufuatilia, likaja kesho yake. Aliyesema niweke nguo za kubadili kwenye begi la mkononi, ubarikiwe. Ila tiketi mbili tofauti kwa muda ule? Sithubutu.