Natokea Tabora naenda Kigoma mara ya kwanza, siku nne tu, nipange vipi?

MamaIsevya
Habarini wakuu. Mi nipo Tabora mjini, nimekulia hapa hapa, Ziwa Tanganyika nalijua kwa dagaa tu, mwaka huu nimesema lazima nilione kwa macho. Nimepata likizo fupi, nikitoa siku za njiani zinabaki siku nne, naenda na mdogo wangu wa kike yuko chuo. Tunataka Gombe tukaone sokwe, Ujiji, tuogelee kidogo, alafu kuna mtu kazini kaniambia nisirudi bila kufika Mahale, ile hifadhi nyingine ya sokwe. Vyote vinaingia kweli? Na twende na treni au basi? Hatutaki hoteli ya kifahari, chumba kisafi na neti basi.

Mwenyeji_Gungu
Karibuni sana dada. Mahale itoe kabisa kwa safari hii, iko mbali kusini, ni masaa mengi majini, hiyo inataka likizo yake peke yake.

Gombe inawezekana ila ujue kitu kimoja, tatizo lake sio umbali maana ni kama kilomita 16 tu kaskazini ya mji, tatizo ni ratiba ya boti. Boti za abiria zinatoka Kibirizi mchana, zinapakia watu, magunia, kreti za soda, kuku, zinashusha kijiji kwa kijiji mpaka jioni, na za kurudi mjini zinapita asubuhi mapema. Kwa hiyo ukienda nazo unafika jioni unalala, kesho yake ndo unaingia msituni, unalala tena, asubuhi unarudi. Hapo siku zako nusu zimeisha. Na Jumapili usizitegemee. Kwenda na kurudi siku moja ni mpaka ukodi boti, na bei ya kukodi inauma kama mko wawili, tafuteni wenzenu mchangie mafuta.

Bebeni vitambulisho vya NIDA mlipe kiingilio cha Mtanzania. Na mwenye mafua asiende, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi sana, hata kama ameshafika getini atakatazwa.

Bangwe_Mwisho
Mi napingana kidogo na mwenyeji mwenzangu. Mtu anayeliona ziwa kwa mara ya kwanza ukimpeleka moja kwa moja Gombe anaona miti na jasho, ziwa lenyewe analipita tu. Ningekuwa wewe dada siku mbili za kwanza ningekaa mjini. Siku ya kwanza nenda ufukwe wa Jakobsen, ni upande wa Katonga, unalipa kiingilio kidogo, maji yake unasimama mpaka kifuani na bado unaviona vidole vya miguu na visamaki vya rangi vinazunguka. Ogeleeni hapo, sio fukwe za vijijini zenye matete, kule kuna kichocho.

Jioni mkae sehemu yoyote inayotazama magharibi, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Giza likiingia ndo utaona wavuvi wa dagaa wanawasha taa huko ndani, zinajipanga mpaka unadhani kuna mji mwingine katikati ya maji. Ila angalia kalenda, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika kwa sababu taa hazivuti dagaa. Na uliza kama ziwa halijafungwa, 2024 serikali ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Ujiji ni daladala tu, nusu siku inatosha. Pale ndo Stanley alimkuta Livingstone 1871, alafu wakaja kukaa kwenu Kwihara, hapo Tabora, mwaka uliofuata. Kama Kwihara umeshafika basi Ujiji itakunogea zaidi, ni njia ile ile ya misafara. Shuka mpaka ufukweni ukaone mafundi wanavyochonga mitumbwi ya mbao.

MamaIsevya
Asanteni jamani. Mdogo wangu kagoma kabisa, sokwe lazima. Basi ntajaribu kutafuta wa kuchangia boti tuikodi siku ya tatu. Na usafiri je? Na dagaa wazuri nanunua wapi nisije nikauziwa mchanga?

Reli_ya_Kati
Dada, treni haiendi kila siku, fika stesheni hapo Tabora uulize siku zake kabla hujaomba ruhusa kazini. Mi napenda treni, inapita Urambo, Kaliua, Uvinza, na inakushusha kwenye stesheni ya Mjerumani karibu na maji kabisa. Ila inachelewa, kwa siku zako nne ningeenda na basi nikarudi na treni.

Kama mnaenda kati ya Mei na Septemba boti ondokeni nayo asubuhi na mapema, upepo wa kusi ukianza kupiga ziwa linachafuka na mtalowa hata kama mko salama, vaeni maboya.

Dagaa nenda Kibirizi, tafuta waliokaushwa juu ya vichanja, sio chini. Chota kiganja kimoja utikise, kama kuna mchanga utabaki mkononi. Wawe weupe wanaong'aa, vichwa havijakatika, wakiwa wamegeuka njano ni wa zamani. Na mawese chukua hapo hapo, ila dumu lifunge na nailoni mara mbili, likivuja kwenye basi nguo zote zimekwisha.