Chombo cha champali: ni uvumbuzi au ni jahazi lile lile?

Mwana wa Mkomani: Flipflopi, chombo cha tanga, iliundwa hapa Lamu kwa taka za plastiki na champali (ndara) kuukuu, ikashushwa majini 2018, na 2019 ikatweka tanga hadi Zanzibar. Sifa zikaenea dunia nzima. Nauliza: huo ni uvumbuzi? Umbo ni la jahazi, tanga ni la jahazi, kilichobadilika ni mbao tu. Uvumbuzi hubadili maisha ya watu, kama M-Pesa ya 2007, au mashine ya boti. Na mafundi wa majahazi wa Matondoni sidhani wanaitaka, maana wao kila kipya hukikunjia uso.

Fundi Matondoni: Nani amekunja uso? Plastiki ile ilichongwa na mafundi wa Lamu, Ali Skanda akiwaongoza. Wewe ulishika tezo lini?

Binti Pate: Jamani, polepole. Wazee wetu walikuwa na chombo kiitwacho mtepe, umeshonwa kwa kamba za mnazi, hauna msumari, tanga lake mkeka. Leo mtepe hauonekani baharini. Haya majahazi ya misumari tunayoyaita ya asili, nayo yalikuja yakashika nafasi ya mwingine.

Baharia Mkongwe: Mkomani, umenichoma hapo pa mashine. Imebadili maisha, ndiyo: imeua tanga! Vijana wa leo hata kubisha, kwenda kwa tanga kinyume cha upepo, hawajui. Petroli ikiisha, wanapiga simu.

Binti Pate: Ami, mjamzito wa Kizingitini, kisiwani Pate, aletwe hospitali ya Amu, mjini Lamu, kwa tanga, na upepo wa kusi unavuma? Umewahi kungoja upepo na mgonjwa chomboni?

Baharia Mkongwe: Sikumtaja mgonjwa. Nasema mvuvi, ambaye pato lake lote linaishia kwenye petroli.

Kijana wa Shela: Na hao wasiojua kubisha ndio wanaoshindana kwa majahazi kwenye tamasha la utamaduni. Njoo uwatazame kwanza, mzee, ndipo uwaseme.

Fundi Matondoni: Mimi bado namngoja wa Mkomani. 2018 serikali ilipozuia ukataji miti, mikoko nayo ikazuiwa, na kazi yetu ikakwama. Nani hapo angekataa plastiki? Nipe ubao wa plastiki kwa bei ya mbao, nipe na mteja wa kuulipia, kesho naweka mkuku wa chombo kipya.

Mwana wa Mkomani: Kwa hiyo tatizo ni bei?

Fundi Matondoni: Ni bei. Na hilo la kukunja uso ulifute.