Vitz inanuka yai viza, fundi anataka kung'oa masega. Nishaurini

KijanaWaWete:
Asalaam aleikum jamani. Nina Vitz ya 2012, injini ya 1.3, ilikuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na huu mwaka wa tatu iko na mie hapa Pemba. Kila siku Wete hadi Chake kazini na kurudi, Jumamosi nawapeleka watoto Konde kwa bibi yao.

Wiki tatu sasa taa ya injini imewaka, ile ya manjano. Nikipanda kilima inatoa harufu ya yai viza. Mafuta yaliyokuwa yakinitosha wiki nzima sasa yananiishia Alhamisi. Fundi kaipima kwa mashine, ikatoka namba ya hitilafu P0420. Akasema masega, lile kopo la kusafisha moshi kwenye bomba, yamekufa, dawa yake kuyang'oa, achomelee bomba tupu, gari ipumue. Tena anaye mtu wa kuyanunua, kwa hivyo ufundi nisilipe hata senti.

Hapo pa kutolipa ndipo paliponitia shaka. Yakiwa yamekufa, yananunuliwa ya nini?

BabaNoah:
Toa tu ndugu yangu. Mie nimetoa ya Noah mwaka juzi, inakwenda kama mshale.

FundiMwera:
Waaleikum salaam. Nianze na swali lako la mwisho. Ndani ya lile kopo la chuma mna kigae chenye vijitundu kama sega la nyuki, ndiyo asili ya jina. Kuta za vijitundu zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu, lakini ni madini ya bei, na masega yakichoka madini bado yamo. Anayenunua anajua anachonunua.

Sasa hiyo P0420. Haikusema masega yamekufa, imesema sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, inaona yale yale anayoyaona mwenzake wa mbele. Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sensa ya mbele inachungulia moshi kabla haujaingia kwenye masega na kuipasha kompyuta habari: petroli imezidi, sasa imepungua. Kompyuta inaongeza, inapunguza, hivyo hivyo safari nzima. Masega mazima yanaumeza mtikisiko huo: oksijeni ikizidi yanaiweka, ikipungua yanaitoa. Basi sensa ya nyuma huona shwari. Ikianza kuchezacheza nayo, taa inawaka. Lakini si masega peke yake yanayoweza kuichezesha. Bomba lililovuja pia, na kwa upepo huu wetu wa chumvi mabomba hayadumu.

Nijibu hili: asubuhi ukiwasha, husikii mlio wa tsi-tsi-tsi upande wa mbele, unaopotea injini ikishika moto?

KijanaWaWete:
Wallahi upo! Nilidhani ni belti. Nikifika barabara kuu siusikii tena.

FundiMwera:
Basi masega yasiguswe na mtu kwanza. Chuma kikiwa baridi ufa unakuwa wazi, kikipata moto kinatanuka na ufa unajibana, ingawa haufungi sawasawa. Ufa ukiwa mbele ya sensa, kati ya pigo moja la moshi na jingine unafyonza hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni, inadhani petroli haitoshi, kompyuta inamimina. Huko ndiko mafuta yako yanakokwenda. Na petroli ina salfa kidogo: masega yakilishwa moshi wenye petroli nyingi yanaigeuza ile salfa kuwa gesi ya yai viza.

Kesho asubuhi, gari iwe uwanjani, isiwe bandani, na injini baridi kabisa. Tia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Mwenzio awashe, azibe bomba la nyuma kwa tambara nene sekunde chache tu, na weye nyunyizia maungio yote kuanzia kwenye injini. Panapovuja patatoa povu. Fanya haraka, bomba likishapata moto maji yanakauka hata hujaona kitu, na vidole utaungua.

MwalimuKemia:
Niongeze la bomba tupu. Skuli huwa nawachorea wanafunzi hivi: yanaingia matatu, yanatoka matatu. Kutoka injini inakuja monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua, na oksidi za naitrojeni. Hizi oksidi zinavuliwa oksijeni yake, inabaki naitrojeni, hewa ile ile tunayoivuta siku zote. Monoksidi na petroli zinaunguzwa zibaki kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Kazi hiyo haianzi mpaka masega yafike nyuzi 250 hadi 300 hivi, ndiyo maana gari asubuhi hunuka zaidi kuliko mchana. Ukiyang'oa, yote matatu yanatoka kama yalivyo.

Lakini kwako naogopa la karibu zaidi. Monoksidi ni sumu isiyo na rangi wala harufu, na ufa wako uko mbele, moshi haujasafishwa bado. Hapo si mbali na matundu yanayoingiza hewa ndani ya gari. Hao watoto wa Konde hawajalalamika kichwa?

KijanaWaWete:
Mwalimu umenishtua. Mkubwa hulalamika kila tukirudi. Tukasema jua.

MwalimuKemia:
Yawezekana ni jua. Usiwapakie mpaka pazibwe. Weye ukilazimika kuiendesha, vioo wazi.

BabaNoah:
Sasa mbona yangu ina nguvu kuliko zamani?

FundiMwera:
Kwa sababu yako yalikuwa yameziba kweli. Yakiziba injini inakabwa, ukiyatoa unaona tofauti. Ila masega hayazibi yenyewe. Aidha plagi au koili ilikuwa inamisi, yaani inakosa cheche, petroli mbichi ikaenda kuungulia mle ndani, kigae kikayeyuka, au injini inakula oili. Ulipotoa masega, hiyo sababu uliitoa?

BabaNoah:
Oili naongeza nusu lita kila mwezi. Sikuwahi kuyaunganisha.

MamaKarafuu:
Samahani kuingilia. Yangu taa inawaka kila nikijaza tangi kwa safari ya Mkoani, kisha siku mbili tatu inazima. Nayo ni masega?

FundiMwera:
Dada, pampu ikishakata huwa unamwambia kijana aongeze kidogo?

MamaKarafuu:
Mpaka shingoni. Nani anataka kurudi kupanga foleni?

FundiMwera:
Acha. Mvuke wa tangini hauachiwi upepo. Unapelekwa kwenye kopo la mkaa, mkaa unaunasa, baadaye valvu inafunguka na injini inauvuta kuuchoma. Ukijaza mpaka shingoni, petroli yenyewe inafika kwenye mkaa na kuulowesha. Pampu ikikata, mpe pesa yake uondoke.

KijanaWaWete:
Narudi na majibu. Povu limetoka kwenye maungio ya bomba na manifoldi (pale moshi unapotokea injini), limefura kama la mtoto anayeoga. Gasketi imekatika, na nati moja imeliwa na kutu mpaka imebaki kama punje ya karafuu. Nimempelekea fundi mwingine, kaweka gasketi mpya na nati zote mpya, kafuta ile namba ya P0420 kwenye kompyuta. Siku ya pili leo, taa haijawaka, harufu hakuna, mlio wa asubuhi umekwisha. Fundi wa kwanza kanipigia, mnunuzi anauliza. Nimemwambia sega bado lina nyuki.

FundiMwera:
Alhamdulillahi. Ila siku mbili bado. Kompyuta haiyapimi masega mpaka upite safari kadhaa, tena gari iwe na moto na mwendo wa kutulia, si wa kusimama simama mjini. Nenda Chake na kurudi wiki nzima, kisha omba usomewe sensa ya nyuma injini ikiwa na moto. Ikitulia kwenye volti 0.6 au 0.7, masega yako hayana neno. Ikirukaruka kati ya 0.1 na 0.9, rudi hapa tuzungumze.