Megapikseli 45 au picha 10 kwa sekunde? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Fremu Moja

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, kazi yangu picha: harusi, kipaimara, send-off, na miaka miwili hii nimeingia kwenye mbio za barabarani. Natumia kamera ya sensa ndogo, megapikseli 24, picha 6 kwa sekunde. Lenzi ninazo mbili za Nikon, 50mm na 70-200 f/2.8 ya zamani ambayo bado inakata kama wembe.

Jumapili iliyopita nilikaa kwenye utepe wa kumalizia nusu marathoni. Wadada watatu wanakuja wamebanana, bega kwa bega. Mchecheto ukanishika, nikaminya wakiwa bado mita ishirini huko. Trrrr, halafu kimya. Kitaa cha kadi kinawakawaka, kidole kimekandamiza, kamera imegoma. Ilipokubali tena, utepe uko chini na mshindi ameinama ameshika magoti. Mteja ananiuliza "ile ya kifua kwenye utepe iko wapi?" nikaanza kumweleza habari za mwanga hafifu. Saa tatu asubuhi, jua linawaka.

Sasa nimepata kamera mbili za Nikon za mtumba. D500: megapikseli 20.9, picha 10 kwa sekunde. D850: megapikseli 45.7, picha 7 kwa sekunde. Tofauti ya bei inakaribia kuninunulia na lenzi ya 200-500 iliyotumika. Kinachonivuruga ni kwamba kuna loji inataka picha za nyumbu wakivuka Mto Mara kule Kogatende, za kutundika mapokezi, upana mita moja na nusu. Moyo unasema D850, kidole kinasema D500. Nishikeni mkono.

Chuma Ulete

Chukua Nikon Z9 mkuu. Megapikseli hizo hizo 45.7 na RAW (picha ghafi, haijabanwa kama JPEG) 20 kwa sekunde. Uzi ufungwe.

Fremu Moja

Nitumie hela, namba yangu unayo.

Mdiria

Mkuu, picha 6 kwa sekunde hazikukukosesha kitu. Kilichokukosesha ni bafa kujaa, ile kumbukumbu ya muda ndani ya kamera. Ukinunua kamera ya picha 10 ukaendelea na kadi hiyo hiyo na kidole hicho hicho, bafa bado inaweza kujaa.

Chukulia simtanki la nyumbani. Sensa ni pampu inayojaza, bafa ndiyo tangi, kadi ndiyo bomba la kutolea. RAW moja ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 25 hadi 30. Zidisha kwa 6: kila sekunde unamimina zaidi ya megabaiti 150. Kadi ya bei chee inatoa 30 au 40. Tangi likijaa pampu inasimama, na wewe unabaki kutazama kitaa.

Halafu usidanganywe na ile namba kubwa iliyochapwa usoni mwa kadi, mara nyingi ni kasi ya kusoma. Tafuta V30, V60, V90. Hiyo ndiyo kasi ya chini ya kuandika, megabaiti kwa sekunde.

Sasa linganisha hizo zako mbili, RAW ya biti 14 iliyobanwa bila kupoteza kitu, kwenye kadi ya XQD yenye mbio. D500 inakwenda picha 200 kabla ya kupunguza mwendo, yaani sekunde 20 nzima. D850 inakwenda 51, kama sekunde 7. Fokasi ni mfumo ule ule, pointi 153 kwa zote mbili, ila kwenye D500 zimetanda karibu kutoka ukingo hadi ukingo kwa sababu sensa yake ni ndogo. Kwa ndege wanaopita pembeni mwa fremu mimi sijutii D500 hata siku moja.

BabaPicha

Mdiria umesema vizuri ila umeficha kitu. D850 ukiiweka kwenye kropu ya DX (inatumia katikati ya sensa tu, ukubwa kama wa sensa ya D500) inakupa megapikseli 19 na ushee. Hiyo si ni D500 imelala ndani ya D850? Unanunua moja, unapata mbili. Ukitaka mbio ongeza gripu ya MB-D18, kile kishikio cha chini, na betri ya EN-EL18, inafika picha 9 kwa sekunde.

Mdiria

Inafika 9, sawa. Mwambie na bei ya gripu, betri, na chaja ya hiyo betri, maana ile ya kawaida haiichaji. Bila hivyo vitu kropu haiongezi mwendo hata kidogo, unabaki 7 pale pale. Faida utakayopata ni faili dogo, kwa hiyo bafa inapumua.

Hata hivyo hiyo 7 dhidi ya 10 tuipime kwa miguu. Mwanamke anayemaliza nusu marathoni kwa dakika 70 anakwenda mita 5 kwa sekunde. Kwa picha 7, kati ya fremu na fremu amesogea sentimita 71. Kwa picha 10, sentimita 50. Tofauti ni shibiri moja. Kifua kugusa utepe kunaweza kuangukia ndani ya pengo hilo kwa kamera yoyote kati ya hizo. Usiminye mita ishirini kabla. Minya akibakiza hatua mbili.

Mama Albamu

Mie naongea kama mtu wa kuchapa, maana ndiko zinakofia picha zenu.

A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 3508 kwa 2480, yaani megapikseli 8.7. A3 inataka 17.4. Wakimbiaji wako wanataka nini? Picha ya WhatsApp ya kuweka status jioni ile ile, na wachache wanataka A4 ya sebuleni. Hapo D500 inabakiza.

Ukuta wa loji sasa. Mita moja na nusu ni inchi 59. D500 ina pikseli 5568 kwa upana, unapata nukta kama 94 kwa inchi. D850 ina 8256, unapata 140. Mgeni akisimama mita mbili mbele ya kaunta anasubiri funguo, hatajua ipi ni ipi. Akisogea kuhesabu kope za nyumbu, atajua. Na wageni wa loji husogea, nimewaona, wanavaa na miwani.

Ila kaka, ulishawahi kupima diski yako? Ukirudi na picha 2,000 za D850 ni karibu gigabaiti 100. Za D500 ni kama nusu ya hapo. Laptopu yako ikianza kulia saa nne usiku na mteja anataka picha kabla hajalala, usinipigie simu.

Mzee Nega

Vijana, mgogoro huu wa zamani. Mwaka 2001 Canon walitoa EOS-1D, megapikseli 4, picha 8 kwa sekunde. Mwaka uliofuata wakatoa 1Ds, megapikseli 11, picha 3 kwa sekunde. Nikon nao 2001 walikuwa na D1X ya 5.3 inayopiga 3, na D1H ya 2.7 inayopiga 5. Kampuni moja, mwili ule ule, wanakuambia chagua. Hata 2012 ilikuwa hivyo hivyo: D4 megapikseli 16 kwa picha 10, D800 megapikseli 36 kwa picha 4. Fundi hakuwa mchoyo. Kila pikseli lazima isomwe, ichakatwe, iandikwe, na muda ni ule ule.

Mimi nilipiga Simba na Yanga kwa megapikseli 4 na ikajaa ukurasa wa mbele, hakuna aliyerudisha gazeti. Kabla ya hapo tulikuwa na filamu ya picha 36. Ukiminya hovyo, goli linaingia unabadilisha mkanda, na mhariri anakusubiri Jumatatu.

Fremu Moja

Shikamoo mzee. Hiyo ya kubadilisha mkanda goli likiingia ndiyo yangu kabisa, tofauti ni kitaa tu.

Mzee Nega

Marahaba mwanangu. Angalau wewe una kitaa cha kusingizia.

Jicho Kali

Mmesahau mtikisiko. Kwa shata ya 1/500 ya sekunde huyo dada wa mita 5 kwa sekunde anasogea sentimita 1 nzima. Fremu yako ikiwa na upana wa mita 4, kwenye D500 huo ni ukungu wa pikseli 14, kwenye D850 pikseli 20 na kitu. Megapikseli nyingi zinaanika makosa yako. Panda hadi 1/1600 huko, na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) nayo inapanda.

Mama Albamu

Anaanikwa na nani, Jicho Kali? Na wewe ukivuta asilimia mia kwenye skrini. Zichape zote mbili kwa A3, ukungu ni ule ule, kama milimita moja kwenye karatasi. Ila hiyo 1/1600 nakuunga mkono. Mikono na miguu ya mkimbiaji inakwenda kasi kuliko kiwiliwili, ndiyo maana mnaniletea watu wenye uso mzuri na viatu vya moshi.

Chuma Ulete

Bado nasema Z9. Haina hata shata ya mtambo.

Jicho Kali

Haina kwa sababu sensa yake inasomwa haraka mno. Asije mtu akasoma hapa akakimbilia shata ya kielektroniki kwenye kamera ya kawaida. Sensa inasomwa mstari kwa mstari, na ikiwa ya polepole mkimbiaji anayekatiza anatoka amelala upande kama mnazi wa ufukweni.

Fremu Moja

Nimerudi wakuu. Leo asubuhi nimefanya jaribio nyuma ya nyumba, mdogo wangu akikimbia huku na huko. Kamera ile ile, shata 1/1600, saa ya simu mkononi mwa mama.

RAW na kadi yangu: sekunde moja na nusu, ikagoma. RAW na kadi ya V60 niliyoazima: sekunde mbili na kitu, halafu ikarudi mapema kuliko mwanzo. JPEG (picha iliyobanwa, faili dogo) na hiyo hiyo ya kuazima: nimeshikilia mpaka mdogo wangu kachoka. Kumbe pale kwenye utepe ningeweka JPEG tu. Nimejisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja.

Basi nimeamua hivi. Mbio ndizo zinazonilipa kila mwezi, loji ni kazi ya mara moja. Nachukua D500 na 200-500, na ile wiki ya Kogatende nakodi D850 kwa rafiki yangu wa Arusha. Kule wala sihitaji mbio za ajabu, nyumbu wanaruka mmoja baada ya mwingine, ukimkosa huyu unamsubiri wa nyuma yake. Mwenye D500 nimempigia, anasema shata imeshapiga 164,000. Ni nyingi?

Mdiria

Shata ya D500 ilipimwa kiwandani kwa mizunguko 200,000. Haimaanishi ikifika hapo inakufa, ila hiyo namba ni yako ya kushushia bei. Usiikubali kwa mdomo. Mwambie akutumie JPEG aliyoipiga leo, isiyopitishwa WhatsApp, namba inasomeka ndani ya faili. Ukikutana naye nenda na kadi yako, minya sekunde kumi mfululizo, kisha kagua fremu zote kama kuna yenye utando mweusi juu au chini. Na hakikisha anakupa XQD na kisomeo chake. Hicho kisomeo ukikikosa, laptopu yako haitaijua hiyo kadi.

Fremu Moja

Kadi anayo. Kisomeo anasema "kipo mahali fulani ndani".

Mama Albamu

Punguza na ya kisomeo.